Mbwa mzee kaumia nyonga, nami nashinda kazini: nimwacheje nyumbani?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, naishi Nguvumali. Mbwa wangu Jimi ana miaka 11, ni hawa mbwa wetu wa kawaida, kilo 18. Siku nane zilizopita aligongwa na bodaboda mbele ya geti. Daktari alimshona jeraha la paja, na picha ya eksirei ikaonyesha nyonga ya kulia imepasuka lakini mfupa haujahama. Akanipa dawa za siku saba, akasema mbwa atulie wiki sita. Kutulia vipi, ndipo sijaelewa. Natoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, narudi saa kumi jioni, na nyumbani hakuna mtu. Kwa sasa namfunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza asitembee ovyo. Jana nimekuta amejizungusha mpaka kabanwa. Jirani yangu ni mtu mwema ila ni Mwislamu, mbwa hamgusi. Dawa zimeisha, na kijana wa duka la dawa kaniambia nimpe diklofenaki nusu kidonge. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole sana, na Jimi naye mpe pole yangu.

Kabla hujaendelea kusoma, kuna mambo mawili ya leo leo. Diklofenaki usimpe, hata robo. Na huo mnyororo mfungue jioni hii.

Diklofenaki ni dawa nzuri kwa mgongo wako wewe uliyesimama ubaoni kutwa. Kwa mbwa inachimba vidonda tumboni na kuharibu figo, na figo za mbwa wa miaka 11 tayari zimeshafanya kazi nyingi. Ibuprofeni ni hivyo hivyo. Panadol, ambayo kila mtu anaiona haina neno, inaumiza ini la mbwa na kuivuruga damu yake isibebe hewa sawasawa. Ipo meloksikamu, ambayo sisi madaktari wa mifugo tunaitumia kwa mbwa, lakini hapo napo pana mtego: tembe ndogo ya binadamu ina miligramu 7.5, na mbwa wa kilo 18 kwa kawaida anahitaji kama miligramu 1.8 kwa siku. Umpe tembe moja, umempa zaidi ya mara nne. "Nusu kidonge" ni hesabu ya mtu anayedhani mbwa ni mtu mdogo mwenye manyoya. Rudi kwa daktari aliyemshona, mwambie dawa zimeisha na mbwa bado anachechemea, akuongezee yeye. Wiki ya pili ya nyonga iliyopasuka si wakati wa kumwacha mnyama mzee avumilie maumivu.

Sasa mnyororo. Kwa hili siwezi kukulaumu, maana miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimshauri mtu hivyo hivyo. Ilikuwa Sahare, mbwa kavunjika mguu wa mbele, nikamwambia mwenye mbwa amfunge barazani, mnyororo uwe mfupi ili asiende mbali. Sikuuliza baraza lina ngazi ngapi. Zilikuwa mbili. Siku ya tatu mbwa aliteleza akashuka, mnyororo ukaishia hewani kabla miguu ya mbele haijafika chini. Mama mwenye nyumba alikuwa ndani, akasikia kukoroma, akawahi kutoka. Mbwa alipona, ila mfupa niliokuwa nimeunyoosha ulikuwa umetoka upya. Angekuwa peke yake nyumbani, nisingekuwa na mgonjwa wa kurudia. Tangu siku hiyo mbwa aliyeumia na anayeachwa peke yake simfungi kwa chochote, na hata mkanda wa shingoni namvua, kwa sababu unaweza kunasa kwenye msumari au ubao.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Watu wengi wakiwa na mbwa mgonjwa hufikiria upweke wake. Mbwa mzee, mwalimu, sehemu kubwa ya mchana analala. Usimwonee huruma kwa hilo. Kinachomponza ni zile sekunde chache za kuamka ghafla. Bodaboda amepiga honi, geti limegongwa, mbwa wa mtaa wa pili ametia sauti, na huyu ambaye kwa miaka 11 kazi yake imekuwa ni kuwahi getini, anaruka kabla hajakumbuka kwamba ana nyonga. Na nyonga haifungwi plasta kama mguu. Inashikiliwa na misuli inayoizunguka, na kwa utulivu wa mwenyewe. Akiruka mara moja, akateleza, ule mfupa uliokuwa haujahama unaweza kuhama.

Kwa hiyo wiki hizi sita tunafanya kazi ya kumpunguzia sababu za kuruka, na tunampunguzia nafasi, ili hata akitaka kuruka asiweze.

Anza na kuchagua chumba. Baraza halifai, na si kwa ngazi tu. Unawajua kunguru wetu hawa wenye shingo ya kijivu. Kidonda kilicho wazi cha mnyama asiyeweza kukimbia wanakidonoa. Nimeona kwa punda na nimeona kwa mbwa. Sebuleni kunaelekea geti, atashinda amesimamisha masikio. Chumba kisicho na dari, bati tupu juu, katika joto hili la kaskazi kikifika saa nane mchana ni tanuri, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema. Tafuta chumba cha nyuma chenye dari, dirisha la wavu, na ambacho sauti ya barabara inafika imechoka. Hata ikiwa ni chumba cha kuhifadhia magunia. Kama una feni, iwashe, waya upite juu asipoweza kuufikia. Redio nayo iwashe kwa sauti ya kawaida. Haimliwazi kama wengi wanavyosema. Inafunika vishindo vya nje.

Ndani ya chumba hicho mtengenezee kizimba. Fundi seremala yeyote atakupigia kwa nusu siku, na kama unamfahamu mtu anayeweza kukupatia paleti za mbao zile za kupakilia mizigo bandarini, nne zikisimamishwa na kufungwa kamba kwenye pembe zinatosha kabisa, mradi misumari iliyochomoza igongwe na mianya mipana izibwe kwa mbao asipitishe kichwa. Usitumie wavu wa kuku kwa kuta. Vidole vinanasa, na mbwa akivuta hapo umeongeza jeraha la pili. Kwa Jimi, kama mita moja kwa sentimita 75 ni kiasi. Kipimo changu hakihitaji futi: asimame bila kuinama, ageuke bila kujigonga, alale amenyoosha miguu. Akiweza kupiga hatua nne mfululizo, kizimba ni kikubwa mno. Utaona kama ni jela. Mbwa huzoea mahali padogo upesi kuliko sisi tunavyodhani, ila mwingize leo ukiwa nyumbani, mpe chakula humo, lala na mlango wa chumba wazi, kesho isiwe ndiyo mara yake ya kwanza.

Sakafu ndiyo inayosahauliwa. Nyumba zetu siku hizi ni marumaru, au saruji iliyosuguliwa mpaka inang'aa, na mbwa mwenye nyonga mbovu akiinuka hapo miguu ya nyuma inafunguka pande mbili kama mkasi. Mkeka nao haufai, unateleza pamoja naye. Hapa kwetu Tanga tunalo jambo zuri kuliko kapeti la dukani: gunia la katani. Ni kavu, linakwaruza, kucha zinashika, na likichafuka unalifua na kulianika. Tandika magunia mawili yakienea ukuta hadi ukuta wa kizimba, pembe zibanwe chini ya mbao. Juu yake, upande mmoja tu, weka kipande cha godoro la kulalia, kisiwe kinene, kwa sababu kupanda na kushuka godoro la inchi sita kwake ni ngazi. Na jioni mkague viwiko na mfupa wa nyonga upande anaoupenda kulalia. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu au nywele zimenyonyoka, badili upande, ongeza godoro. Vidonda vya kulalia vikianza kwa mbwa mzee vinachelewa sana kupona.

Juu ya kizimba tundika chandarua, kitanuke kwa nje ambako meno hayafiki. Si kwa ajili ya mbu peke yake. Katika joto hili nzi akitaga kwenye jeraha au kwenye manyoya yaliyolowa mkojo asubuhi, kesho yake una funza. Kila ukirudi, kabla hujavua hata viatu, mwangalie mshono, kisha chini ya mkia, kisha katikati ya mapaja. Nusa pia. Pua inawahi kuliko macho.

Mshono asiulambe. Ulimi wa mbwa si dawa, hiyo ni hadithi, na akishaanza kuchokoa uzi peke yake ana saa kumi za kuumaliza wote. Chukua ndoo ya plastiki ya lita kumi, toboa tako lake tundu la kupita kichwa, zungushia ukingo kitambaa usimkate, ifunge shingoni kwa utepe, nafasi ya vidole viwili. Mdomo wa ndoo upite pua kidogo tu. Atagonga gonga kuta siku ya kwanza kama mlevi, halafu atazoea. Jaribu ukiwepo, uone kama anaweza kunywa maji akiwa nayo. Mara nyingi bakuli likiinuliwa juu ya tofali moja mambo yanakuwa sawa. (Nimewahi kuona mbwa kavalishwa bukta ya mtoto wa darasa la pili, mkia umetokezea kwenye tundu. Ilifanya kazi siku mbili, mpaka ilipolowa.) Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, kwa hiyo ndoo hii ni ya wiki hii na labda ijayo. Kufunga mdomo kwa kamba au kitambaa ndiyo usifanye kabisa mbwa akiwa peke yake: hawezi kuhema, na akitapika anapaliwa.

Maji. Mbwa anahitaji kama mililita 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa Jimi ni lita moja na kidogo, na kwa joto hili zaidi. Weka bakuli la udongo, zito, lisilopinduka, karibu na godoro kiasi kwamba anakunywa akiwa amelala.

Kuhusu haja, mtu asikudanganye kwamba mbwa mzee atajizuia saa kumi. Sita, saba, basi. Asubuhi amka naye saa kumi na moja. Mpe nusu ya chakula chake, subiri nusu saa hivi, mtoe. Tumbo likipata chakula linasukuma kilichopo, na hiyo nusu saa ndiyo itakayokuokolea usafi wa jioni. Kumtoa, tumia kanga kuukuu. Ikunje mara nne kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, shika ncha zote mbili juu ya mgongo, tembea naye pole pole ukiwa umebeba nusu ya uzito wa nyuma. Usimnyanyue mpaka miguu ining'inie. Iguse chini, ikanyage, wewe unapunguza mzigo tu. Hiyo kanga iwe yake moja kwa moja, isirudi kabatini. Ndani ya kizimba, kona iliyo mbali na godoro, mwagia maranda ya seremala juu ya gazeti. Akikojoa hapo usimfokee hata kwa jicho. Mbwa aliyefundishwa usafi miaka 11 akijikojolea anaona aibu, na mwenye aibu anajaribu kutoka.

Chakula kwa ujumla kipunguze kidogo kwa kuwa hatembei. Kilo ikiongezeka inakaa juu ya nyonga. Ugali na dagaa waliooshwa chumvi si vibaya. Ila ongeza vijiko vitatu vinne vya boga lililochemshwa na kupondwa. Nyonga ikiumia kupata choo kunakuwa na maumivu, mbwa anabana, kinyesi kinakauka, na hapo unaanza ugonjwa wa pili. Boga linalainisha. Mifupa usimpe, ya kuku ndiyo kabisa.

Sasa jirani yako. Nimefurahi umemtaja, na nimefurahi zaidi hukumlalamikia. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, unyevu wa mbwa ukikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Si chuki. Nimefanya kazi na wazee wa Ngamiani wanaowalisha mbwa wao wa ulinzi kwa miaka mingi bila kuwagusa hata siku moja, na mbwa wale wamenona. Kwa hiyo usimwombe akutunzie mbwa. Mwombe akuangalilie kupitia dirishani, saa sita mchana, baada ya adhuhuri, wakati wowote unaomfaa. Chukua kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, mdomo mmoja ufungwe kwenye nondo za dirisha, mwingine uishie juu ya bakuli la maji, pembeni mwachie kopo na ndoo ya maji safi. Yeye anamimina kopo mbili, anachungulia, anakutumia ujumbe. Hagusi kitu. Mpe mambo matatu tu ya kutazama: mbwa anageuza kichwa akiitwa? Anahema kwa kasi ulimi ukiwa umetoka mrefu? Amelala mahali pasipo pa kawaida? Ukimwandikia ishirini hatasoma hata moja, unawajua wanafunzi wako.

Na usimwombe aingie kumsaidia Jimi akianguka. Mbwa mwenye maumivu anauma hata mkono unaomlisha. Hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu ipo, na yeyote atakayeng'atwa, hata wewe, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kama mfuko unaruhusu, zile saa kumi zikate katikati kwa mtu wa kumtoa mchana. Tanga tuna chuo cha mifugo pale Buhuri. Kijana anayesomea kazi hii kwa nauli na chakula cha mchana atamshika mbwa vizuri kuliko ndugu yako wa damu anayemwogopa.

Ukirudi jioni usipige honi, usimwite kutoka getini, usimshangilie. Hii ni ngumu, najua. Lakini furaha ya kukuona ni hatari kwake kuliko bodaboda. Ingia kimya, weka mkoba, kaa naye chini dakika chache kabla ya kumfungulia.

Kuanzia wiki ya tatu jiandae kudanganywa. Maumivu yatakuwa yamepungua, dawa imemkalia vizuri, atasimama kizimbani anakutazama kwa macho yale, mkia unapiga mbao, na wewe utajisemea huyu kapona. Hajapona. Mfupa wakati huo umeunganishwa na kitu laini kama ute wa gundi ambayo haijakauka, na kwa mbwa wa umri wake unakauka polepole. Wiki sita za daktari wako huenda zikawa nane. Mbwa wengi walionirudia na nyonga iliyohama walirudi wiki ya tatu na ya nne, si ya kwanza.

Usingoje miadi kama hajakojoa kwa saa 24, kama kinyesi ni cheusi kama lami, kama fizi zimepauka, kama anakanyagia mgongo wa vidole vya mguu wa nyuma badala ya nyayo, au kama siku ya pili imepita hajala. Homa ya mbwa huwezi kuipima kwa kugusa pua. Joto lake la kawaida ni kati ya 38 na 39.2, kipimajoto cha njia ya haja kubwa, na likifika 41 ni dharura ya saa hiyo hiyo: mloweshe kwa maji ya bomba, mpepee, huku mnaondoka.

Siku ya kumrudisha kwa daktari, usimpakate kwenye bodaboda. Ita bajaji. Mtelezeshe juu ya ubao, mlango wa kabati uliong'olewa unafaa, blanketi juu yake, upande mzima ndio ulale chini. Na mwambie dereva toka mwanzo kwamba abiria ni mbwa. Wengine watakataa, na ni afadhali akatae getini kwako kuliko njiani.